Toboa Taratibu, Mwanangu

Bibi Gundi alikuwa na miaka ishirini na mitatu ya kufundisha chekechea. Jina hilo alipewa na watoto wenyewe, kwa maana vidole vyake havikukosa gundi hata siku ya harusi ya mwanawe. Ila tangu mwaka jana alikuwa na siri. Daktari alimwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na dawa yake ni kupasuliwa. Kupasuliwa? Thubutu! Na mwalimu mkuu akijua tu, kazi imekwisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakumjua mwalimu mkuu yule.

Akajikaza kisabuni. Karatasi akakata kwa kupapasa, na sindano akatungiwa uzi na Chiriku, binti wa darasa lake wa miaka sita ambaye mdomo wake haujui likizo.

"Siri hii usitoboe kwa mtu," alimwonya. "Hata kwa mama yako."

Chiriku akaubana mdomo kwa vidole viwili, na ajabu ni kwamba alinyamaza kweli.

Siku tatu kabla ya Pasaka walikuwa wakitengeneza mapambo ya dirishani. Yai linatobolewa tundu juu na tundu chini, linapulizwa mpaka ute na kiini vishukie bakulini, kisha ganda tupu linapakwa rangi na kutungwa uzi. Mara mlango ukafunguliwa. Mwalimu mkuu! Fununu zilikuwa zimemfikia: juzi kifaranga cha karatasi kilibandikwa mdomo mkiani.

"Endelea, Bibi. Nimekuja kutazama tu."

Kutazama tu! Akishika sindano Bibi Gundi mwenyewe, ataumbuka. Afadhali ashike mtoto.

"Chiriku, njoo mbele. Shika yai na sindano. Haya, toboa."

Chiriku akamkodolea macho. "Nitoboe?"

"Toboa, mwanangu."

"Mbele ya mwalimu mkuu?"

"Mbele ya watu wote! Taratibu tu, usiogope."

Chiriku akavuta pumzi. "Bibi Gundi haoni. Sindano namtungia mimi kila siku."

Lo! Brashi zikabaki hewani.

"Mtoto huyu anasema kweli?" mwalimu mkuu akauliza.

Jibu la kujiokoa lilikuwa ulimini: watoto bwana, hawaishi hadithi. Angelisema tu, angepona. Lakini Chiriku angebaki pale na yai lake mkononi, mwongo mbele ya wenzake, kwa kumtii mwalimu wake. Bibi Gundi aliona aibu zaidi kuliko alivyoogopa.

"Kweli tupu," akasema. "Tangu mwaka jana."

Mwalimu mkuu aliyatazama mayai ya dirishani, moja moja.

"Ukapasuliwe, Bibi. Bila cheti cha daktari wa macho, humu huingii tena."

"Na nikikileta?"

"Kiti chako hakikaliwi na mtu."

Akatoka. Kile kisu alichokikimbia Bibi Gundi mwaka mzima sasa kilikuwa kinamsubiri, na hakukuwa na pa kupitia isipokuwa hapo.

Chiriku akaangua kilio. "Si wewe umesema nitoboe?"

Bibi Gundi akapiga magoti. Akapapasa ncha ya yai kwa dole gumba, akaushika mkono wa mtoto wenye sindano, wakasukuma pamoja. Tundu likatoka dogo, bila ufa.

"Umetoboa vizuri, mwanangu," akamwambia. "Sasa puliza."