Viraka vya Marehemu Kaka

Kaka yangu alirudi Tunduma na kompyuta kuukuu za kujaza nusu ya chumba, na watu wa nyumbani wakadhani amechanganyikiwa. Alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam katika shirika moja la umma. Shirika lilipobinafsishwa, yeye na wenzake wengi walipunguzwa kazini. Wenzake walinunua mashine za kusaga au viwanja. Yeye aliomba kompyuta zilizokuwa zinatupwa, akazipakia kwenye lori lililokuwa linakwenda Lusaka, akashuka nazo mpakani.

Tulipanga chumba nyuma ya maduka ya vipuri, kwa mfanyabiashara mmoja wa malori aliyetoka Kondoa. Mimi nilikuwa nimemaliza uhazili Mbeya, sijui kitu zaidi ya kuchapa. Tukaandika ukutani kwa rangi ya bluu: kuchapa, intaneti, mafunzo.

Programu ambazo watu walizizoea zilikuwa nzito kwa mashine zile, na virusi viliingia kila mteja alipochomeka diski yake. Kaka akafuta kila kitu, akaweka mfumo endeshi wa bure wa jamii ya Unix. Ulikuwa mgumu, hauugui ovyo, lakini ulikuwa skrini nyeusi na herufi nyeupe tu. Wakala gani wa forodha angekaa mbele ya kitu kile aandike barua? Lilikuwapo eneokazi moja jepesi alilolipenda. Eneokazi ndiyo ile sura anayoiona mtu akiwasha kompyuta: madirisha, menyu, picha za mafaili, mstari wa chini wenye saa. Ila waandishi wake, watu wa mbali, walikuwa wameliandika kwa ajili ya mfumo mwingine, ndugu wa huu wetu. Lilitafuta vitu mahali ambapo kwetu havikuwapo, likivikosa linaanguka. Kaka akaamua kulihamisha, lifanye kazi kwenye mfumo wetu.

Alinikalisha pembeni yake ili nami nijifunze. "Mdogo wangu," aliniambia, "wewe usiogope makosa. Kosa linakuambia lilipo. Cha kuogopa ni mashine iliyonyamaza."

Kila sehemu aliyoirekebisha aliiweka kando katika faili dogo alilolipa jina la kiraka. Siku eneokazi lilipowaka kwa mara ya kwanza, saa yake ilikuwa saa tatu nyuma. Wateja wetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, ambao kwao saa iko nyuma yetu kwa saa moja, walicheka sana, wakasema sisi tumehamia nchi ya tatu. Kaka akashona kiraka cha saa. Akashona cha sauti, na cha kuchapisha. Kisha akaanza kutafsiri maneno ya kwenye menyu, na hapo alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Hakutaka Kiswahili cha kamusi. Alitaka mashine izungumze kama yeye anavyozungumza, kwa ule upole wa watu wa Ileje. Ukikosea nywila ilikuambia, "Pole, jaribu tena taratibu." Ukitaka kuzima iliuliza, "Unaondoka? Haya, tangulia, nakuja." Walikuwapo watu waliozima mashine ili wayasome maneno hayo tu.

Jina lake likaandikwa katika orodha ya mfumo ule, kwamba mtunzaji wa eneokazi hili ni yeye. Akawa anaandikiana na bwana mmoja wa nchi ya baridi aliyesimamia orodha. Hawakuwahi kuonana. Hawakuulizana habari za watoto wala za mashamba. Walizungumza vitufe na madirisha, na kaka akipata jibu lake alikuwa anatabasamu peke yake kama mtu aliyepokea salamu za nyumbani.

Msimu mmoja wa mvua alisema kichwa kinamuuma, akazima mashine yake vizuri, akaenda kujilaza. Ilikuwa homa. Tulimpeleka hospitali Vwawa, wakatuhamishia Mbeya. Mama alikuwa nyumbani Itumba, huko Ileje, na barabara ya kushuka milimani ilikuwa tope tupu. Alipofika, kaka alikwisha kufariki. Tukamrudisha Itumba, tukamzika juu ya shamba la kahawa la baba.

Baada ya matanga nilirudi kufungua chumba kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kufungua. Niliwasha mashine yake asubuhi kweupe, mlango ukiwa wazi. Alikuwa ameliagiza eneokazi likumbuke madirisha yaliyokuwa wazi, nami sikulijua hilo. Yakaanza kufunguka yenyewe, moja baada ya jingine, kila moja mahali pake. La mwisho lilikuwa faili la kiraka. Mshale ulikuwa unapepesa katikati ya maelezo aliyokuwa anaandika: "Hapa bado sijui kwa nini". Sentensi ilikatika hapo. Niliukodolea macho mshale ule. Ulisubiri kama mtu anavyomsubiri aliyetoka kidogo kwenda dukani.

Laini yetu ya simu ilikuwa imekatika tangu kabla ya ugonjwa wake. Mafundi waliirudisha siku hiyohiyo, na kesho yake nikakuta barua pepe ya yule bwana wa nchi ya baridi. Alimshukuru kaka kwa barua yake ya jana. Alisema amefurahi kumsikia baada ya ukimya mrefu, na kwamba kiraka cha kitufe cha kuzima kinafanya kazi.

Barua ya jana. Nilimfuata mwenye nyumba nikamuuliza kama kuna mtu aliyeomba funguo, akasema hakuna. Nilirudi, nikapekua mashine mpaka nikaelewa. Kaka aliandika barua ile siku aliyougua. Kwa kuwa laini ilikuwa imekufa, mashine iliiweka kwenye foleni. Iliposikia laini imefufuka, ikaituma, bila kumuuliza mtu. Hakukuwa na la ajabu. Hata hivyo kwa muda mrefu kila laini ilipokatika na kurudi, niliangalia ile foleni nione kama kuna kingine.

Nikamjibu yule bwana kwamba ndugu yetu amefariki. Siku kadhaa zikapita. Kisha aliandika kwamba hajui maneno gani husemwa kwetu, na akauliza kama alifute jina kwenye orodha. Nikamwomba asubiri.

Kilichonishinda si barua, ni lile neno la kuzima, tangulia. Mwenye nyumba alikuja siku moja kuchapa waraka wa malori yake, akamaliza, akabonyeza kuzima. Nikamwona ameganda.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "hii mashine inaniambia nitangulie. Nitangulie wapi?"

Nilimweleza kwamba ni maneno ya utani tu, ya marehemu. Akasema ndiyo maana anauliza. Aliinuka, akasoma dua kimyakimya, akatoka.

Habari ikaenea sokoni kwamba kwenye kile chumba marehemu anaita watu. Mama mmoja muuza mchele aliyekuja kutoka bonde la Momba kumwandikia barua mwanawe aliacha mashine inawaka, akatoka kinyumenyume. Wanafunzi wangu waliacha kabisa kuzima kwa kitufe. Walichomoa waya ukutani, na diski zikaanza kuharibika. Mchungaji wetu alishauri nifute kila kitu. Nilimwambia nitafikiri, lakini nilijua siwezi. Sauti yake ilikuwa haijarekodiwa popote. Ilibaki kwenye menyu tu.

Mama alipokuja kunitazama nilimweleza yote. Aliomba aone. Nilimkalisha kwenye kiti cha kaka, nikamwonyesha pa kubonyeza. Mama alisoma Kiswahili polepole, kwa lafudhi ya Kindali, kidole chake kikifuata herufi kwenye kioo. Alifungua menyu moja baada ya nyingine, akasoma hata zile za rangi na ukubwa wa maandishi. Akakosea nywila makusudi ili aambiwe pole. Mwisho akabonyeza kuzima, akasoma lile neno.

"Mwanangu hakuwahi kumtanguliza mtu," alisema. "Aliyetangulia ni yeye. Hilo libadilishe. Mengine yaache."

Nikalibadilisha mbele yake. Nikaandika, "Unaondoka? Karibu tena," maneno ambayo yangeweza kuandikwa na yeyote. Watu wakarudi kidogokidogo. Mama akarudi Itumba, na kila aliposhuka mjini kununua chumvi na sabuni alipita, akaketi, akasoma menyu.

Kisha waandishi wa eneokazi wakatoa toleo jipya, na viraka vya kaka vikakataa. Mistari ya programu viliyoishikilia ilikuwa imehamishwa au imeondolewa. Nilihangaika navyo majuma mengi. Nikafika mahali alipoandika kwamba hajui kwa nini, na mimi nikajua kwa nini, na hapakuwa na wa kumwambia. Kiraka cha kwanza nilichokishona mwenyewe kilipokubali, nilimwandikia yule bwana aweke jina langu.

Nilidhani kwa kuwa mtunzaji ningemtunza kaka. Haikuwa hivyo. Kila toleo jipya lilikuja na jambo lililorekebishwa kulekule linakotoka, kwa waandishi wenyewe, na jambo likirekebishwa kule, kiraka chake huku hakina kazi tena; kukiacha ni kuharibu. Kwa hiyo kazi yangu, miaka yote ile, ilikuwa kumfuta. Nilifuta cha saa, nikafuta cha sauti. Nilifuta cha kuchapisha. Vijana walianza kusoma intaneti kwenye simu za mkononi, viti vikawa vitupu, nami nikawa na muda mwingi wa kufuta vizuri.

Kilibaki kimoja, cha kutambua flashi. Toleo likaja ambalo halikukihitaji. Nilikitoa asubuhi moja, nikaiagiza mashine ijenge eneokazi upya bila hata mstari mmoja wa viraka vyake, nikakaa kwenye benchi la wateja kuitazama. Maandishi yalipita skrini nzima hadi alasiri. Nilikuwa nasubiri kosa. Nilitaka isimame, iseme inakosa kitu. Ilimaliza, ikanyamaza.