Kidude Changu cha Salamu

Jamani, kuna jambo nikilikumbuka najifunika shuka gubigubi, na niko peke yangu chumbani, sasa sijui namficha nani uso.

Mnajua nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, pale Mbaraki, na wakati huo nilikuwa bado kwenye majaribio, nikimngojea mkubwa wetu, Bi Rukia, aamue kama nitaajiriwa au nirudi Machakos na begi langu. Bi Rukia ni mzaliwa wa Mji wa Kale. Ukimwandikia kwenye ukumbi wa ofisi (ule mtandao wetu wa ndani, tunakogawana kazi na kupigia soga) bila kumsalimia, hakujibu hata kama meli inazama. Na salamu yenyewe si moja, ni ya kuulizia nyumbani, na wazee, na watoto, na ulivyoamka, mpaka mtu wa bara kama mimi nasahau nilichokuwa nataka.

Basi mimi, kwa kujiona fundi, nikaunda kidude, yaani kiprogramu nilichokipachika kwenye ukumbi, kazi yake kikiona salamu kijibu kwa jina langu na kuuliza habari zaidi. Kilikuwa na adabu kunishinda mimi mwenyewe! Bi Rukia akanisifu mbele za watu: "Mutua siku hizi amekuwa mtu." Nikavimba kichwa, na Swaleh wa meza ya pili aliponiomba nikampa na yeye chake, bila kufikiri (kufikiri nilikuwa nimeshakiachia kidude).

Kesho yake Swaleh akaandika sabalkheri, akaenda zake kunywa chai, nami nikamfuata kwa ajili ya mahamri. Kidude changu kikamjibu na kumuuliza hali, chake kikajibu na kuuliza, changu kikashukuru kikauliza tena, na tuliporudi vilikuwa bado vinajuliana hali, ukumbi umefurika, simu za ofisi nzima zinalia, na katikati ya gharika hiyo Bi Rukia alikuwa ameandika: "Asalaam aleikum. Mama ameanguka nyumbani, tumo hospitalini. Niombeeni dua."

Kidude changu kilikuwa kimeshamjibu, kwa jina langu: "Waaleikum salaam! Alhamdulillahi, nimefurahi kusikia. Na watoto hawajambo?"

Cha Swaleh kikadakia: "Mola azidishe!"

Jioni nilikwenda kwao, nyuma ya Ngome ya Yesu. Mama mtu alikuwa amesharudishwa kutoka hospitali, amejinyoosha kitandani macho wazi, mguu una plasta. Nikaanza, "Bi Rukia, nimekuja kuomba radhi," akanikata.

"Salimia kwanza. Kwa mdomo wako."

Nikamwamkia mama shikamoo, nikamgeukia Bi Rukia, hofu imenijaa, na maneno yaliyonitoka ni yale yale ya kidude: "Na watoto hawajambo?"

Mama akageukia ukutani.

"Mutua," akasema Bi Rukia, polepole, "mimi sina watoto. Sikujaaliwa. Kila asubuhi waniuliza, nami nakujibu hawajambo, maana u mgeni na sikutaka kukutia haya."

Majaribio yangu yakaongezwa, na nilistahili. Kidude nimekifuta, cha Swaleh pia, na sasa kila asubuhi napita meza kwa meza nikisalimia mwenyewe, na nikishauliza nasimama pale pale mpaka nisikie jibu.