Mtoto Aliyejificha Kengele Ilipolia

Nilipewa kazi ya kuwafundisha watoto habari za majanga kwa sababu siku ya kikao nilikuwa na homa, na asiyekuwepo kikaoni ndiye anayepachikwa kazi zisizo na mwenyewe. Nikapelekwa semina ya siku mbili Chalinze, kwenye ukumbi ulio kando ya barabara kuu, ambako kila mkufunzi alipofika penye jambo la maana lori lilipiga honi. Nilirudi na bango la rangi na fulana iliyonibana. Walimu wenzangu wakaanza kuniita Mwalimu wa Majanga, na wauza mihogo wa getini nao wakalidaka jina hilo.

Shule yetu iko upande huu wa Mapinga, kwenye mteremko, na nyuma yake kuna kijito ambacho kiangazi unakiruka bila hata kupandisha baibui. Masika ni habari nyingine. Kwa hiyo volkano niliziacha kwenye bango, nikafundisha maji na moto. Kengele yetu ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mkorosho. Ikigongwa polepole ni mapumziko. Ikigongwa mfululizo, mtoto aache daftari, aache mkoba, atoke kwa mstari mpaka uwanja wa mpira ulio juu, na kila darasa lihesabiane.

Kwenye kuhesabiana ndipo paliponishinda. Watoto walitaja namba mpaka mwisho kama wanaimba, bila kuangalia nani yupo. Siku moja darasa la tatu lilitimia lote kwa namba, na wawili wako kwao wana tetekuwanga. Nilikasirika, maana hasira zangu ziko karibu. Nikabuni mchezo. Kabla ya zoezi nilimnong'oneza mtoto mmoja akajifiche, na darasa lililowahi kugundua nani amepungua lilipata kashata. Aliyejificha alikuwa na sharti moja: aitwe vyovyote vile, asiitike mpaka aonekane kwa macho.

Ulikuwa mchezo mzuri, sitaki kujisingizia. Kwa wiki chache tu watoto walianza kutazamana.

Bingwa wa kujificha alikuwa msichana wa darasa la tatu, mdogo wa umbo, aliyelelewa na bibi yake kwa kuwa mama yake aliolewa mbali. Alikuwa mkimya, katika wale ambao mwalimu anaweza kumaliza muhula bila kuisikia sauti yao. Mara ya kwanza nilimchagua kwa bahati. Mara ya pili nilimchagua kusudi, kwa sababu nilimwona alivyonawiri uso wenzake wote walipokuwa wanamtafuta yeye. Mara ya tatu nilimnong'oneza mtoto mwingine, lakini yule msichana naye akaenda zake kujificha stoo, nyuma ya majembe, bila kutumwa. Nilipaswa kumkemea. Badala yake nikacheka, nikampa kashata ya peke yake mbele ya darasa, nikasema, "Huyu sasa ni fundi!" Neno hilo hunijia mpaka leo, nikiwa napika, nikiwa natawadha, na kila likinijia najichukia.

Bibi yake alikuja shuleni Ijumaa moja asubuhi. Nilimwamkia, akaitika marahaba, tukaulizana hali za nyumbani kwa urefu wake, ndipo akasema lililomleta.

"Mwalimu, mwanangu, mtoto hatafutwi kwa mzaha. Wapo wasioonekana, nao wanasikia."

"Ni mazoezi tu, bibi. Ndiyo masomo ya siku hizi."

"Mimi nimemfundisha, akiitwa na sauti ya mtu asiyemuona, asiitike. Huku kwetu si kila anayekuita ni mtu. Sasa nyinyi kutwa mnamwita na kumwita."

Nilimsindikiza mpaka getini kwa adabu zote. Kisha nikarudi ofisini nikawasimulia wenzangu, tukacheka.

Masika hayo mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Siku ya nne, muda mfupi kabla ya adhuhuri, nikiwa ubaoni, nikaona maji ya rangi ya chai ya maziwa yanaingia kwenye jiko la shule. Rimu niliigonga mwenyewe. Watoto walitoka vizuri ajabu, hakuna aliyebeba mkoba, hakuna aliyesukumana. Nilijisikia fahari pale uwanjani, ninalowana na fahari yangu. Kiranja wa darasa la tatu akanijia mbio, meno yote nje.

"Mwalimu, sisi tumeshajua! Hayupo yule fundi!"

Darasa zima likapiga makofi likidai kashata.

Mwalimu mkuu akanijia juu, "Mwalimu, hata leo umemficha mtoto?" Nikaapa kwamba sikumficha. Alinitazama kama mtu asiyejua aamini lipi, na sikuweza kumlaumu.

Nilishuka na mlinzi wa shule. Maji yalikuwa mapajani, yanavuta. Niliita jina lake madarasani, nikaliita vyooni, nikaliita jikoni. Nilimwambia mchezo umekwisha. Nilimwambia atoke, namuomba, nitampa kashata zote. Nililia kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo. Mlango wa stoo, iliyo chini kabisa ya mteremko ambako maji yalinipita kiuno, niliupita mara mbili. Madawati yalikuwa yameelea na kuuziba, nami nikasimama hapo nikaita, sikujibiwa, nikaondoka kwenda kutafuta kwingine. Mlinzi ndiye aliyeyavuta madawati na kuupiga mlango teke.

Alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, maji kifuani, anatetemeka. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeuziba mdomo wake mwenyewe.

Bibi yake alifika tukiwa tumeshampandisha uwanjani. Alivua khanga ya juu akamfunga mtoto, akamkumbatia, kisha akaniinulia macho mbele ya walimu wote. Nilikuwa najiandaa kusema. Akaniwahi.

"Ni mimi, mwalimu. Mimi ndiye niliyemkataza kuitika. Ujinga wangu nusura umuue mjukuu wangu."

Mwalimu mkuu alikuwa pembeni yangu, na wenzangu. Nilijua ukweli niliokuwa nao mdomoni. Nikasema, "Mshukuru Mungu, bibi, mtoto ni mzima." Sikuongeza kitu.

Tangu hapo mchezo ule niliufuta. Ninawahesabu watoto mimi mwenyewe, mmoja mmoja, nawagusa kichwani. Lakini yule bibi nilikutana naye mara nyingi, sokoni, msibani, na kila mara alinishika mkono akanishukuru kwa kuingia majini, akarudia kujilaumu. Alikuwa ameanza kukonda. Mara kadhaa nilitoka nyumbani nimeazimia kwenda kwake kumwambia. Nilifika mpaka penye kisima cha mtaa wao, nikanunua malimau nisiyoyahitaji, nikarudi. Nilikuwa naogopa kupoteza kazi, halafu nikawa naogopa tu. Miaka ikapita hivyo.

Alifariki kipupwe kilichopita. Nilikwenda kwenye hitima. Nikiwa nimekaa mkekani na kina mama wengine, msichana mrefu akaniletea chai, akanipa shikamoo. Nilimtambua kwa ukimya wake. Sasa yuko kidato cha pili. Aliinama karibu yangu.

"Mwalimu, bibi alikuwa akiniomba radhi mpaka siku za mwisho. Kwa yale ya stoo."

Nikamwambia pole. Nikakiweka kikombe chini.

"Nilikuwa namwambia si yeye. Sauti yako naijua, sikudhani ni jini. Nilikusikia ukifika mlangoni. Nilikusikia unalia."

"Na kwa nini hukuitika, mwanangu?"

"Nilidhani unaigiza. Nikasema leo mwalimu anaigiza vizuri, anataka kunijaribu." Alitabasamu kidogo, kwa haya. "Nilimweleza bibi yote hayo, mchezo na kashata na lile sharti. Hakuniamini. Alisema ingekuwa ni hivyo, mwalimu angekuja kumwambia."