Upande Mtupu wa Chati

Leo nimekuta kosa lenye saini yangu.

Ni katika shule moja huko Midia, Koboko. Msichana ana miaka kumi, bado yuko darasa la kwanza. Fomu niliyomjazia nilipompima macho miaka mitatu iliyopita inasema: macho mazima, akili nzito.

Nikatundika tena chati ya herufi. Akazitaja zote.

Nikaigeuza, upande mtupu ukamwelekea. Nikamwambia arudie.

Akazitaja zote.

Alikuwa amezikariri kwenye foleni ya siku ile, kwa kuwasikiliza waliomtangulia.

Mama yake hakushangaa. "Mwalimu, siku ile mimi nilisema mtoto iko na akili, macho ndiyo iko mbaya. Wewe ulisema, mama, nyamaza, tunapima."

Nilisema hivyo. Nakumbuka.

Wenzangu mnaopima watoto: foleni yenu husimama umbali gani na chati?