Kiberiti Mfukoni mwa Baba

Juzi, hapa Missouri City, Texas, nilikuwa nikiwasha mkaa wa udi, na harufu ya njiti ya kiberiti ikanipandisha hasira ya miaka thelathini. Usinicheke. Kuna wanaolia wakinusa biriani. Mimi hutaka kugombana.

Zamani tulikaa Lewisville, humuhumu Texas, ghorofa ya pili. Baba, aliyekuwa mwalimu wa kemia Mombasa, sasa alipanga maboksi ghalani Mesquite. Jioni alirudia ualimu wake, mimi nikiwa darasa zima. Nyuma ya kalenda alichora mchoro wa nishati: mstari unaanzia juu kidogo, unapanda kilima, kisha unateremka hadi chini kuliko ulikoanzia.

"Zuhura, njiti hii mbona haiwaki yenyewe?"

"Haijakwaruzwa."

"Basi mkwaruzo ndio unaoivusha kilima. Kipime kuanzia ulipoanzia mstari, usipimie sakafuni mwa mchoro. Na joto linalotoka?"

"Tofauti ya mwanzo na mwisho."

Akakwaruza. King'ora cha moshi kikapiga kelele.

"Baba Zuhura!" Mama akafoka toka jikoni. "Mwalimu mzima unanimalizia viberiti!"

Mtihani ukaja na mchoro uleule. Darasa zima lilipimia sakafuni. Mimi peke yangu nilipata yote, na kwa majivuno yangu nikaandika kileleni jina nililofundishwa na Baba, la vitabu vya Kenya, ambalo mwalimu wetu hakuwa amelitaja. Akaniuliza nimelinakili wapi. Nikainamisha macho, kama nilivyolelewa kufanya mbele ya mkubwa. Akaona amenishika.

Baba akaitwa shuleni, mbele ya naibu mkuu. Alikuja na kizibao chake cha ghalani kinachong'aa, akaanza kama mtu yeyote wa kwetu aanzavyo akiwa na neno zito: aliomba radhi kwanza.

"Tuwie radhi sana, mwalimu," alisema kwa Kiingereza chake cha darasani, "kwa usumbufu wa binti yangu."

Naibu mkuu alitikisa kichwa kukubali, akaandika. Baba alipotaka kuingia kwenye neno lenyewe, yule bwana alikwishasimama na kumpa mkono wa kwaheri. Kwake yeye, tumekiri! Nikapewa sifuri, na kesho yake nikatolewa kwenye kemia ya juu, nikapelekwa darasa la sayansi la chini, la kupaka rangi picha za mawingu na mvua.

Garini nilimwambia, "Umewaambia nimeiba."

Akawasha gari. Nikamnunia mwezi mzima, na moyoni nikaendelea miaka mingi zaidi. Nilimwita mwoga. Nilijiona mwanasayansi aliyeuzwa na babake. Leo kazi yangu ni kuandika insha, si sayansi, na lawama zote za hilo nilimtwika yeye.

Juzi Mama, ambaye siku hizi anakaa kwangu, alinitazama nikihangaika na njiti, akacheka.

"Marehemu babako alichukua kiberiti changu kipya siku ile alipoitwa shuleni kwako. Nilikitafuta asubuhi nzima."

"Cha nini?"

"Alitaka wakuulize maswali mbele yake, akiwasha. Alisema ukieleza tu, yamekwisha. Akakirudisha jioni, hakijafunguliwa."

Mkaa ukazima. Sikuuwasha tena. Nilikuwa nikimwona amekaa kwenye kile kiti kidogo cha wanafunzi, radhi ameshaiomba, mkono bado mfukoni, akingoja zamu ya kusema ambayo hakuna aliyefikiria kumpa. Nami pembeni yake, macho chini, nikimchukia yeye.

Hasira bado ninayo, na haijapoa hata kidogo. Nimeibadilisha anwani tu, toka kwa Baba hadi ile shule.