Levina Agoma Kufungua Kamba

Mumewe alipofariki, shemeji zake walimwambia Levina Bundala awaachie wao mizinga, maana mwanamke hapandi miti kurina asali. Levina alinunua kamba mpya, akaingia porini Sikonge, akapanda. Mwaka huu ni wa kumi na tisa anarina mwenyewe.

Mwaka juzi mtoto wa kaka yake, Padri Eustace, aliyekuwa masomoni Uswisi, alimwalika akawaone wafuga nyuki wa huko. Wenyeji waliwapangia yeye na Eustace kwenda bonde la pili kwa miguu pamoja na mwongozaji, kupitia kati ya vilele viwili, mahali penye barafu isiyoyeyuka hata kiangazi. Mwongozaji alimtazama Levina, akasema neno.

"Anataka uzunguke kwa treni, shangazi," Eustace alitafsiri. "Anaogopea umri wako."

"Mwambie anipime kwanza, ndipo aseme."

Akapimwa siku nzima: kutembea na viatu vyenye meno ya chuma, kujiangusha makusudi na kujizuia kwa sururu ndogo. Jioni mwongozaji hakutaja treni tena.

Waliondoka alfajiri, theluji ikiwa bado ngumu. Watu watatu, kamba moja: mwongozaji mbele akichoma theluji kwa fimbo kutafuta nyufa zilizofichika, Eustace katikati, Levina nyuma. Kufikia saa nne jua lilikuwa limeilainisha theluji. Miamba ya ng'ambo ilionekana, hatua hamsini tu. Eustace, aliyechoka kuvutwa mbele na nyuma, alishika fundo kiunoni.

"Tumefika, shangazi. Nafungua."

"Hufungui."

"Mimi ni padri, si mtoto."

"Hata ungekuwa askofu. Ukifungua, nakaa hapahapa na siondoki."

Eustace aliguna, akaliacha fundo. Hatua ya tano theluji ilikatika chini yake, akazama hadi kwapani, miguu ikining'inia hewani. Levina alijitupa chini, akakita sururu, akaegemea kwa uzito wake wote. Kamba ilimkata kiunoni; hakulegeza. Mwongozaji alimvuta Eustace kutoka mbele mpaka akatoka, mweupe kwa theluji.

Walipokalia mwamba, Eustace alinong'ona, "Nyumbani tusiliseme hili."

"Nitalisema lote. Na wewe utakuwepo."

Alilisema Jumapili moja, nje ya kanisa, shemeji zake wakiwa mstari wa mbele. Mmoja alicheka, akasema mama huyu anatunga. Levina alimgeukia mtoto wa kaka yake.

"Padri, simama uwaambie."

Eustace akasimama.