Mashua Moja, Wasichana Wanne

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, najua mtaanza kwa kucheka. Mtasema shosho wa Free Area, hapa Nakuru, anajua nini habari ya mbio za mashua za kwenye simu. Chekeni mmalize, halafu msome. Shule mimi niliachia darasa la nne, lakini macho sikuyaachia huko. Hizo mbio ziliendeshwa kwenye kochi langu, juu ya kitambaa nilichofuma mwenyewe, na hakuna aliyeniomba ruhusa.

Nyumbani kwangu tunaishi watatu. Niko mimi, yuko kitinda mimba wangu ambaye ni fundi wa magari mjini, na yuko mjukuu wangu, msichana wa mtoto wangu wa kwanza. Msichana alimaliza koleji, akatafuta kazi mpaka viatu vikaisha, mwishowe akaingia saluni kusuka nywele. Kusuka anasuka vizuri, watu wanampangia foleni. Lakini siku moja aliniambia hataki kuzeeka akinuka mafuta ya nywele. Nikamwuliza anataka kuzeeka akinuka nini. Akasema maji ya ziwa.

Nilidhani ni mapenzi. Kumbe ni mashua.

Akanieleza. Kuna watu wa ng'ambo wanaotengeneza mbio za mashua za matanga, ila mashua zenyewe haziko. Ziko ndani ya simu. Unapewa mashua ya kuchorwa na bahari ya kuchorwa, unaambiwa toka huku ufike kule, na watu wa dunia nzima wanashindana wakiwa wamekaa kwao. Safari hiyo walikuwa wanavuka bahari kubwa kutoka Ulaya kwenda Amerika. Na kwa mara ya kwanza walikuwa wameahidi zawadi kwa watu wa huku kwetu. Mkenya atakayetangulia wenzake akitumia mashua ya bure, atapewa nafasi ya kujifunza kuendesha mashua ya kweli hapo Naivasha, mwezi mzima, malazi na chakula juu yao. Nafasi moja tu. Mjukuu wangu aliitaka hiyo nafasi mpaka akawa anakula amesimama.

Nikamwuliza, na hiyo mashua ya simu iko na shida gani ya kushindania? Inaenda na nini? Akasema inaenda na upepo, na upepo ni wa ukweli kabisa, ule ule unaovuma huko baharini saa hiyo hiyo, wanauchukua kwa watu wa hali ya hewa.

Hilo neno, ukweli, liliniudhi sana. Mimi nilizaliwa Ndabibi, karibu na hilo ziwa la Naivasha. Baba yangu alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu aliyekuwa na mashua ya tanga ziwani, na Jumapili tukitoka kanisani tulikuwa tunashuka kuwatazama yeye na wenzake wakishindana. Nitawaambia nilichoona. Upepo wa mchana ukianza, yule bwana alikuwa anavuta kamba mpaka mishipa ya shingo inasimama, bibi yake anachota maji yaliyoingia ndani anayarudisha ziwani kwa mkebe, na wanatukanana kwa Kiingereza. Siku moja mti unaoshika tanga uligeuka ukampiga kichwani, akaletwa ufuoni akiwa anamwita bibi yake kwa jina la mbwa. Na kiboko akiinua kichwa, hakuna aliyeuliza nani anaongoza. Walirudi wote.

Sasa mashua ya mjukuu wangu ilivuka nusu ya bahari na kitambaa changu hakikulowa. Hakuna aliyetapika. Hakuna kamba iliyomchubua mtu mkono. Ikigonga nchi kavu inasimama kimya, unaigeuza, unaendelea na safari kama mtu aliyekosea mlango wa choo. Upepo ni wa ukweli, sawa, lakini ni upepo usioweza kuanika hata leso. Nikamwambia, hii ni kama unipakulie picha ya ugali halafu unisifie ati moto uliopikia ulikuwa wa kuni kweli.

Akacheka, akaniambia nisubiri nione mahali inapouma.

Mahali penyewe ni hapa. Mashua ya bure inakuja na matanga machache, ya kubahatisha. Upepo ukiwa mdogo unataka tanga kubwa jepesi, ukiwa mkali unataka dogo gumu, na hayo mazuri yote yanauzwa. Si hayo tu. Kinauzwa pia kitu cha kushika usukani kwa niaba yako. Kwa sababu mashua hailali. Ukiiacha ukaenda kazini inaendelea kukimbia huko iliko, na upepo ukigeuka inapotea kama ng'ombe aliyekata kamba. Mwenye kununua anaiambia geuka saa fulani, geuka tena saa fulani, halafu anaenda zake kula harusi.

Nikauliza kwa upole, ili nihakikishe nimeelewa. Kwa hivyo aliyelipa analala na anaenda mbele, na asiyelipa anakodoa macho na anabaki nyuma? Akasema ndiyo, lakini haijafichwa, imeandikwa wazi, na ndiyo maana ile zawadi yetu ni ya mashua za bure peke yake, ili iwe haki. Mwanangu fundi, ambaye hajui kutafuna bila kuchangia, akasema hata mbio za magari mwenye pesa ndiye mwenye injini. Nikamwambia amalize mboga. Huyo mwenye injini angalau yuko ndani ya gari, likibingirika anabingirika nalo.

Sasa sikieni vile hawa wasichana walifanya. Hakuna mzungu angewaza kitu kama hicho.

Mjukuu wangu ana wenzake watatu wa kwaya ya kanisa, na hao wanne wana chama. Mnajua chama. Kila mwezi mnachanga, mmoja anabeba chote, mwezi unaofuata mwingine. Wameshanunuliana godoro, meko ya gesi, cherehani. Basi wakachukua zile mbio wakazitia ndani ya chama kama godoro. Wakaingia wote wanne, kila mtu na mashua yake, lakini wakakubaliana kwamba zamu hii ni ya mjukuu wangu. Mmoja alienda na mashua yake juu kaskazini, mwingine chini kusini, wa tatu katikati, kazi yao ikiwa kuonja upepo na kumwambia wapi umekufa na wapi uko hai. Zao zilikwama hovyo na hawakujali. Na mjukuu wangu akiwa saluni na kichwa cha mtu mapajani, mmoja wao aliyekuwa na nafasi alifungua mashua ya mjukuu wangu kwenye simu nyingine akamshikia usukani.

Alasiri moja hakukuwa na mwenye nafasi. Bibi harusi alikuwa ameitisha nywele, na wale wengine kila mmoja alikuwa na yake. Simu nikaachiwa mimi. Nilionyeshwa mshale, nikaambiwa ukivuka mstari huu nibonyeze hapa, mara moja, nisijifanye nahodha. Nikavaa miwani. Nikazima redio. Jirani akaja kuomba chumvi, nikamwelekeza kwa kidole ajichukulie.

“Mama, unangoja simu ya nani?” akaniuliza.

Nikamwambia sitaki maneno, niko baharini.

Alitoka kinyumenyume, na jioni akamsimamisha mwanangu kwa lango kumwuliza kama nimepimwa presha karibuni.

Basi mashua ya mjukuu wangu ikawa inaongoza kati ya zile za Wakenya za bure. Nyuma yake, tena si mbali, alikuwa mwanamke mmoja wa Kisumu, mwalimu wa chekechea. Wasichana walikuwa wanamjua kwa sababu kuna mahali pa washindani kuandikiana, na walikuwa wanamcheka kila jioni hapo sebuleni. Mashua yake ilikuwa inakimbia vizuri alfajiri, halafu shule ikianza inaonekana inapinda, inapinda, inaelekea Sahara.

“Mwalimu ameenda kupanguza watoto kamasi,” mmoja anasema.

“Mwacheni, anapeleka mashua ikachunge ngamia,” mwingine anajibu, na wanalala kwa kicheko juu ya kochi langu.

Ni huyo mwalimu aliyeuliza. Hakumtukana mtu. Aliandika tu pale mbele ya watu wote kwamba anaomba kujua: “Huyu dada wa Nakuru anafanya kazi saa ngapi? Mashua yake haijawahi kukosea upepo hata mara moja, mchana wala usiku, na ni ya bure kama yangu. Dada, nifundishe.”

Wenye mbio wakasoma. Jumamosi moja mchana simu ikalia, wasichana wote wakiwa hapo, na mjukuu wangu akaiweka mezani kwa sauti kubwa ili sote tusikie. Alikuwa kijana wa Nairobi anayewafanyia wale wa ng'ambo kazi, sauti laini ya mtu aliyezoea kuomba radhi. Akampongeza kwanza. Kisha akamwuliza amewezaje.

Na huyu mtoto, badala ya kusikia harufu ya swali, akajibu kwa raha zote.

“Si mimi peke yangu. Tuko chama.”

Kijana akauliza, “Chama ya kuendesha mashua?”

“Eeh. Hii ni zamu yangu. Mbio zijazo ni za huyu mwenzangu, sisi hatubebi mara mbili. Hata shosho ameshika usukani.”

Alisema hivyo kama anavyomweleza mgeni jinsi chama kinavyokwenda, akingoja asifiwe. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyekuwa amefikiria kwamba kuna mahali duniani ambapo kusaidiana kwa zamu ni wizi. Kijana akaeleza, tena kwa huruma, kwamba sheria inasema mashua moja mtu mmoja, na wote wanne walibonyeza kukubali siku ya kwanza. Walibonyeza kweli. Hawakusoma.

Hapo nikasogea mezani. “Na ile mashini mnauza ya kushika usukani, hiyo ni mtu?”

“Hiyo imeruhusiwa, mathe.”

“Imeruhusiwa na nani?”

“Na sisi.”

Nikamwambia basi wako sawa, waendelee kuruhusu.

Kabla ya chai ya jioni mashua zote nne zilikuwa zimefutwa kwenye ile ramani. Bahari ilibaki safi kana kwamba hawakuwahi kupita. Mwalimu wa chekechea aliingia Amerika peke yake, kwa kupindapinda, akapewa nafasi.

Kilio kilichofuata sitakieleza. Mjukuu wangu alilala na viatu. Wenzake walikuja kumfariji, na faraja yenyewe ilikuwa ni kumsema yule mwalimu. Mchongezi. Mwenye wivu. Ati kama angekuwa mtu wa maana angekuwa na marafiki wa kumshikia. Niliwasikiliza nikichambua mboga, mpaka mjukuu wangu akasema huyo mwanamke amemnyang'anya nafasi yake. Hapo nikaweka sinia chini.

Nikamwuliza, mwalimu alinunua matanga? Akasema hapana. Alinunua mashini? Hapana. Alikuwa na wenzake watatu wa kumwonjea upepo? Alikuwa na shosho wa kubonyeza? Akaniangalia kwa macho mekundu, akasema ile sheria ni ya kijinga, mimi mwenyewe nimesema.

Nimesema, na narudia hapa. Watu wanaouza usukani halafu wanafukuza mtu kwa kusaidiwa usukani hawana haya usoni. Wamejenga bahari isiyolowesha na haki isiyozuia kitu ila maskini kusaidiana. Siwaheshimu. Lakini wao kuwa wajinga hakujamfanya mjukuu wangu kuwa mwerevu.

“Godoro mlichanga wanne, mkabeba wanne kwa zamu,” nikamwambia. “Hii nafasi hata huyo mwalimu alikuwa ameichangia, kwa macho yake na usingizi wake. Nyinyi mkaiweka kwa zamu zenu bila kumwambia zamu yake ni lini.”

Mmoja wa kwaya akasema hakufikiria hivyo. Nikamjibu ndiyo, nimeona.

Siku chache zilipita nyumba ikiwa kimya kama inadaiwa kodi. Kisha jioni moja, tukiwa mezani, mjukuu wangu akasoma kitu kwenye simu akatoa kicheko kibaya, cha puani, akanisomea. Ni mwalimu aliyemwandikia. Alisema hakujua kwamba swali lake lingefika mbali hivyo. Shule zikifunga atakuja Naivasha, hajawahi kufika pande hizi, hana mtu. Alikuwa anauliza kama kuna baridi sana, na kutoka Kisumu abadilishe gari wapi.

“Ati baridi,” mjukuu wangu akasema. “Aulize hao waliompa.” Na akaifunika simu mezani uso chini, bila kujibu.

Mwanangu akaacha kutafuna. Nikaichukua ile simu, nikaigeuza, nikamrudishia mkononi.

“Mwambie ashukie Nakuru,” nikasema. “Atalala kwa kitanda chako, wewe utalala na mimi. Utampokea kwa steji ya magari wewe mwenyewe, na asubuhi utamsindikiza mpaka Naivasha, mkoba wake ukiwa begani mwako. Sasa andika, nikiona.”